Mhariri, msitukatie mstari wa upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na safari hii naomba barua isipunguzwe, maana ninacholalamikia ni huko kupunguza kwenyewe.

Kila siku Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri wa saa 24 zijazo, kuanzia saa 3 usiku. Ndani yake mna mikoa na mawingu yake, mna nyuzi joto za miji, halafu chini kabisa mna mistari miwili mifupi. Wa kwanza ni wa upepo wa pwani: utavuma kutoka upande gani, kwa kilomita ngapi kwa saa Pwani ya Kaskazini na ngapi Pwani ya Kusini. Wa pili ni wa hali ya bahari: mawimbi madogo, makubwa kiasi, au makubwa. Gazeti lako linachapa nyuzi joto za Dodoma, Arusha na Mbeya, tena kwa picha ya jua linalocheka, lakini mistari hiyo miwili siioni. Nadhani anayepanga ukurasa anaishiwa nafasi kabla hajafika chini. Basi mwambie aanzie chini.

Mimi ni mfanyabiashara wa machungwa. Nanunua Muheza, nashusha Kipumbwi wilayani Pangani, kisha navuka na mzigo wangu kwa mashua ya mashine hadi Mkokotoni, Unguja. Kwenye ramani ni pungufu ya kilomita 50. Baharini ni saa nne, au saa saba, au kurudi ulikotoka, kutegemea upepo. Na machungwa ya Muheza hayakupanga vizuri na bahari: yanajaa sokoni Juni hadi Agosti, miezi ambayo upepo wa kusi umekaza. Siwezi kuyaambia yasubiri kaskazi. Yakilala Kipumbwi kwenye magunia siku tatu, ya katikati yanapata joto, yanalainika, na mnunuzi wa Mkokotoni akibonyeza moja tu bei imeshuka. Kwa hiyo siku ya kuchuma naichagua kwa upepo, si kwa mti. Nyuzi joto za Tanga hazinisaidii. Julai nzima ni zile zile.

Watu wa bara wanaweza kudhani upepo ni namba moja. Acha nieleze tunavyousoma, ili ujue unachokata.

Kwanza ni upande unakotoka. Mashua ikitoka Kipumbwi kwenda Mkokotoni inaelekea kusini mashariki. Kusi nayo inatoka huko huko, kusini na kusini mashariki. Kwa hiyo wakati wa kwenda tunakuwa na upepo wa omo, yaani wa mbele ya chombo: chombo kinapanda kila wimbi, kinaanguka nyuma yake, maji yanaruka juu ya mizigo, na baharia mmoja kazi yake ni kuteka maji tu. Siku hiyo hiyo, upepo huo huo wa kilomita 25 kwa saa, anayetoka Mkokotoni kurudi Kipumbwi unamsukuma kwa tezi, yaani kwa nyuma, anafika amelala usingizi. Kaskazi ikifika, Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki na kutupiga ubavuni kwenda na kurudi. Hapo mashua haipandi wala haianguki, inalala huku na huku, na wenye matumbo mepesi wanajulikana mapema. Ukiniambia kilomita 25 bila kuniambia zinatoka wapi, sijui kama nichume au niache.

Hapa vijana wengi wenye simu wanakosea. Utabiri unaposema upepo wa kusini maana yake unatoka kusini. Lakini mshale kwenye simu unaonyesha unakokwenda, kwa hiyo upepo wa kusini unachorwa na mshale unaoelekea kaskazini. Na mikondo ya maji ina desturi ya kinyume kabisa: mkondo wa kaskazini ni ule unaokwenda kaskazini. Nimewahi kumsikia kijana mmoja pale ufukweni akiwahakikishia abiria kwamba leo tunasukumwa, mshale umeelekea Unguja, kumbe amegeuza simu kichwa chini. Nahodha alicheka mpaka akakaa chini.

Pili ni kipimo. Taarifa zetu zinatumia kilomita kwa saa. Simu nyingine zinaonyesha noti, yaani maili za baharini kwa saa, na noti moja ni karibu kilomita 1.85. Nyingine zinaonyesha mita kwa sekunde. Sasa mtu anaona 10, anasema 10 ni kidogo, twende. Kumi za kilomita kwa saa ni upepo wa kukaushia nguo. Kumi za noti ni kilomita 18 na nusu, safari ya kawaida. Kumi za mita kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa, na hapo mimi sitoki hata machungwa yakigeuka dhahabu. Tena upepo hauongezeki nguvu kwa hesabu ya kujumlisha. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kilomita 40 kwa saa si "20 na 20 nyingine". Ni 20 nne juu ya mashua moja.

Tatu ni mawimbi, na hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Tangazo likisema mawimbi yanafikia mita 2, abiria anajenga picha ya ukuta wa mita 2 usiozidi. Sivyo vipimo vya mawimbi vinavyofanya kazi. Kimo kinachotajwa katika utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mengi yatakuwa chini ya hapo, lakini katika saa kadhaa za kuvuka litakuja moja moja linalokaribia mara mbili. Nahodha ninayesafiri naye hakusoma hayo popote, ila ukimuuliza mita 2 anakujibu, "Bi Mkubwa, hesabu tatu na nusu, halafu uamue."

Nne, na hili hata taarifa yenyewe ya saa 24 hailisemi vizuri, ni saa. Kilomita 30 kwa saa katika utabiri wa siku nzima haivumi siku nzima. Wakati wa kusi, usiku nchi kavu inapoa, umande, yaani upepo wa nchi kavu, unashuka kutoka bara kuelekea baharini, unapingana na kusi na kuidhoofisha. Alfajiri maji ya Kipumbwi yanaweza kuwa yamelala kama mafuta. Jua likipanda, ardhi inapata moto kuliko bahari, hewa inavutwa kutoka baharini kuja bara, na hiyo inajumlika na kusi. Saa 4 asubuhi unaona mapovu meupe yameanza kutapakaa huko nje. Mapovu yakishajaa mpaka upeo wa macho, ujue upepo umeshavuka kilomita 20 kwa saa. Mchana ndiyo kilele. Magharibi inaanza kutulia.

Msimu uliopita palikuwa na siku moja iliyotosha kuwa somo la darasani. Utabiri ulikuwa mmoja, kusini mashariki, kilomita 30 Pwani ya Kaskazini. Mashua yetu ilitoka saa 11 alfajiri, tukavuka tukiwa tumelowa mabega tu. Ya pili ilikuwa inasubiri mzigo wa unga uliokuwa njiani kutoka Tanga, ikatoka saa 4 kasoro. Jirani yangu wa biashara alikuwa ndani yake. Anasimulia kwamba kabla hawajafika nusu ya njia nahodha alikuwa anapunguza mashine kwa kila wimbi ili pua isizame, na mwisho akageuza. Kugeuza chombo chenye shehena katikati ya mawimbi nako si jambo dogo. Abiria waliambiwa wakae chini wote, washikane, asisimame mtu. Walirudi Kipumbwi salama. Unga ulirudi uji. Vyombo viwili, tarehe moja, namba moja ya utabiri.

Tano ni maji. Upepo huwezi kuujua mwezi mzima kabla, lakini kujaa na kupwa kunafuata mwezi wa mbinguni, na majedwali yake yanakokotolewa mwaka mzima kabla. Sijaona kwa nini gazeti lishindwe kuyachapa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja inakaribia mita 4. Na katika bamvua maji ya huku kwetu yanajaa karibu na saa 10, ya alfajiri na ya alasiri, yanakupwa karibu na saa 4, ya asubuhi na ya usiku. Fuatilia basi na safari yangu. Nikitoka saa 11 alfajiri kukimbia upepo, mashua inaelea vizuri Kipumbwi. Nikifika Mkokotoni saa 3 au saa 4 asubuhi, maji yametoka yote, chombo kinasimama mbali, na mzigo unabebwa mabegani na wachukuzi kwenye maji na tope. Bei ya kubeba inapanda, na mchukuzi ana haki, ule si mwendo wa mchezo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki sana, mashua inasogea karibu. Kwa hiyo siku ninayoitafuta ni ile ya maji mafu iliyoangukia kwenye siku ambazo kusi imepumua. Hazitokei kila wiki, ndiyo sababu nataka kuziona mapema.

Na maji yanahusika na mawimbi pia. Maji yakienda upande mmoja na upepo, mawimbi yananyooka, yanakuwa marefu na ya upole. Yakikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi yanafupika na kusimama wima, na upepo wa kawaida unakuwa na bahari isiyo ya kawaida. Kila nahodha anajua. Anayeandika habari za usafiri wa baharini naye angepaswa kujua.

Sasa kuhusu maangalizo. Hapo gazeti lako halina kosa la kukata. Kosa lake ni kichwa cha habari. Mamlaka ina ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa (rangi ya biashara yangu, lakini siipendi), na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini ya kila moja inaandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari: mdogo, wastani, mkubwa. Angalizo la kawaida la kusi huwa la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo, na mikoa inatajwa. Nanyi mnaandika BAHARI KUCHAFUKA kwa herufi kubwa, bila rangi, bila mikoa, bila tarehe ya kuanza na kuisha. Mtu wa Tanga anaahirisha safari kwa ajili ya bahari ya Mtwara. Mara ya tatu anaona mbona kulikuwa shwari, mara ya nne hasikii tena. Halafu ile picha ya ukurasa wenu inaanza kuzunguka WhatsApp miezi mitatu baadaye kama jambo la leo, na shangazi zangu wa Mkokotoni wananipigia simu niahirishe.

Rangi zinapoheshimiwa zinafanya kazi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Mafia, boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari, na watu hawakuona ni kero. Lakini kimbunga ni mgeni kwetu, huja mara chache. Kusi ni ya kila mwaka, na ndiyo inayozoeleka. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakafa. Kilikuwa chombo kikubwa mara nyingi kuliko mashua yoyote inayotoka Kipumbwi. Kiliwahi kufanya kazi Marekani, jimbo la Washington, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu. Kila nikisikia mtu anasema chombo kikubwa hakihitaji utabiri, namtajia hiyo.

Najua jibu moja mtakalonipa: kusoma bahari ni kazi ya nahodha, abiria akae. Sikubali. Nahodha wa mashua ya mbao halazimishwi na upepo kutoka. Analazimishwa na sisi wenye mizigo. Nimewaona wafanyabiashara wamemzunguka mtu mzima saa 3 asubuhi, huyu ana dagaa, yule ana ndizi, mwingine ana harusi kisiwani Tumbatu, wote wanamwambia bahari mbona nzuri, wewe nahodha gani. Akikataa, kesho wanapanda kwa mwingine. Abiria anayejua kwamba saa 6 mchana kutakuwa na kilomita 35 za omo hamsukumi mtu. Atakwenda kunywa chai, arudi alfajiri. Utabiri mkiuchapa kwa ukamilifu, mnampa nahodha karatasi ya kuonyesha watu. Neno lake peke yake haliwatoshi, lakini wakiona limeandikwa gazetini wanaanza kunong'ona na kutafuta pa kulala.

Wengine watasema siku hizi kuna simu, gazeti la nini. Simu ninayo, na Windy, programu ya kutazama upepo, naitazama kama vijana. Mle ndani kuna utabiri wa kituo cha Ulaya, ECMWF, na wa Wamarekani, GFS. Inapofika siku tatu kabla ya kuchuma naangalia yote miwili: ikikubaliana namwambia mwenye shamba ajiandae, ikipingana nasubiri siku moja. Zaidi ya siku tano mimi siweki hela. Lakini simu ina mipaka yake, na hakuna anayewaambia watu. Hesabu ya kituo cha Ulaya inaigawa dunia katika mapande ya kama kilomita 9 kila upande. Tumbatu karibu yote inamezwa na pande moja. Wingu la mvua la Novemba au Aprili, wakati wa maleleji, upepo ukiwa haujui unakwenda wapi, ni dogo kuliko hapo. Simu inakuonyesha shwari ya rangi ya buluu, na mbele yako limesimama wingu jeusi lenye pindo jeupe chini, likishusha upepo wa robo saa unaoweza kung'oa turubai. Hapo unatazama mbingu, na unamtazama nahodha anavyotazama mbingu. Tena picha nyingi za vituo hivyo zinahesabu saa kwa saa za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Na hata ikishageuzwa kuwa ya kwetu, simu inaandika 15:00 na mama anayeuza ndizi anasoma kumi na tano zisizo na maana, kumbe ni saa 9 alasiri, upepo uko kileleni. Gazeti la Kiswahili lingeandika saa 9 alasiri. Hilo peke yake lingekuwa msaada.

Ombi langu basi, Mhariri, ni nafasi ndogo, kama ile mnayotoa kwa ratiba ya futari mwezi wa Ramadhani, ila ikae mwaka mzima. Pwani ya Kaskazini na Pwani ya Kusini, kila moja na upande wa upepo, kasi yake kwa kilomita, na hali ya bahari kwa mita pale inapotajwa. Saa za maji kujaa na kupwa kwa Tanga, Unguja na Mtwara. Kama kuna angalizo, rangi yake, mikoa yake, linaanza lini na linaisha lini. Wenzetu wa Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa nao watadai mstari wao, na wana haki. Kule ziwani Victoria radi na dharuba za usiku ndizo zinazowakuta wavuvi, kwa hiyo saa kwao ni muhimu kuliko hata kwetu.

Na jambo la mwisho ni la gari. Gazeti lako linatufikia Kipumbwi mchana, kwa basi linalotoka Tanga. Mkichapa utabiri unaoisha saa 3 usiku wa siku hiyo hiyo, mimi nitausoma wakati safari ya alfajiri imeshapita. Kwa hiyo chapeni na matazamio ya siku inayofuata, pamoja na upepo wake, na mwandike wazi juu yake ni ya kuanzia saa ngapi na tarehe ngapi. Hiyo ndiyo nitakayoitumia kumpigia simu mwenye shamba Muheza kabla ya magharibi, akiwa bado na vijana wa kuchuma.

Mama wa machungwa,
Kipumbwi, Pangani